Naomba ushauri: "learn" na "teach", ipi inakaa wapi?

Chaki Nyeupe: Habari za jioni wakuu. Nimebishana na mtu juu ya sentensi hii: "My mother ___ me to cook." Mimi nasema "learned", yeye anasema "taught". Naombeni jibu mapema, jana sikulala.

Fundi Nahau: Ni "taught". Ipime kwa Kiswahili. Mama alinifunza kupika, sawa. Sasa sema "mama alinijifunza kupika". Umesikia? "Learn" ni kujifunza, na hakuna kumjifunza mtu. Sisi funza na jifunza ni shina moja, ndiyo maana tunateleza. Na usichanganye na "study": unaweza ku-study usiku kucha, asubuhi ukawa huja-learn kitu.

Bahasha ya Kaki: Mimi liliniponza hilo hilo. Barua ya kazi niliandika "I learned my juniors accounts". Afisa akaisoma sentensi kwa sauti, mara mbili, akanirudishia bahasha. Mpaka leo nikiandika "learn" mkono unasita. Na "borrow" na "lend" je? Sisi naazima kwako, unaniazima, neno lile lile.

Mama Wawili: Chaki, ni mtu gani huyo wa kukukosesha usingizi?

Chaki Nyeupe: Ni mwanafunzi wangu, darasa la tano. Aliandika "taught", nikampiga mkasi. Mama yake kaniandikia kwenye daftari, nami nimeshamjibu kwamba yote mawili ni sahihi. Sikudanganya. Kamusi inasema zamani "learn" ilitumika kwa maana ya kufundisha, hata Shakespeare kaitumia hivyo. Naona nibaki hapo hapo. Nikigeuka, darasa litanisikiliza tena?

Fundi Nahau: La Shakespeare ni kweli, na wapo Waingereza wanaoongea hivyo mitaani hadi leo. Kwenye mtihani haipiti. Halafu, kama yote mawili ni sahihi, mkasi ulikuwa wa nini?

Mzee Kikoi: Mwalimu, mtoto akionewa kwenye haki yake hasahau. Muombe radhi.

Kipima Joto: Hii chai. Wiki iliyopita mleta uzi aliuliza humu namna ya kufundisha desimali. Leo ni mwalimu wa Kiingereza?

Bahasha ya Kaki: Eeh, nakumbuka ule uzi. Tunapotezewa muda.

Chaki Nyeupe: Si chai. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mwenzangu wa Kiingereza yuko likizo ya uzazi, nimebebeshwa vipindi vyake tangu mwezi uliopita. Sikutaka kulisema kwa sababu nililikubali mwenyewe, nikasema naweza.

Mama Wawili: Ungeanza na hilo, mdogo wangu. Mwandikie yule mama leo leo, maneno mawili tu. Wangu aliwahi kukosolewa jibu sahihi, akaacha kunyoosha kidole darasani muhula mzima.

Kipima Joto: Basi samahani, mwalimu. Mtoto alikosolewa kwenye daftari tu, au mbele ya wenzake?

Chaki Nyeupe: Ubaoni, mbele ya wote 43. Daftari ninalo hapa. Nimeufuta mkasi, nimeweka tiki na saini yangu. Jumatatu nitaiandika sentensi yake ubaoni na kumtaja jina. Fundi, kipindi kinachofuata ni "borrow" na "lend". Utakuwepo Jumapili jioni?

Fundi Nahau: Nitakuwepo. Njoo na mifano ya watoto wenyewe.