Ushauri: NEEMA kwa msimbo wa Morse, shanga ngapi?

Kijana wa Ndosho: Jambo bakubwa. Nataka kuandika NEEMA kwa shanga za bangili: ya duara ni nukta, ndefu ni mstari. Zinaenda ngapi? Nina haraka, ni ya Jumamosi.

Fundi wa Birere: N −·, E ·, E ·, M −−, A ·−. Duara 4, ndefu 4. Kati ya herufi weka kashanga kadogo ka rangi nyingine, jumla 4. Bila hako, N na E mbili zinasomeka B.

Taa ya Majengo: Mtumie kwa tochi tu. Mstari unawaka muda wa nukta tatu, kati ya herufi unazima muda wa nukta tatu, kati ya maneno saba.

Mzee wa Katindo: Tochi za kuwaka-kuzima usiku, hapa Goma? Atakayejibu ni askari.

Yaya wa Himbi: Jina tu? Bangili nzima inasemaje?

Kijana wa Ndosho: NAKUPENDA ipo tayari. Nabadilisha jina.

Yaya wa Himbi: Lilikuwa jina gani?

Kijana wa Ndosho: FURAHA. Lakini yaya, aliivaa wiki mbili tu. Kutupa shanga nzima ni hasara.

Mzee wa Katindo: Mapenzi yanapunguzwa kama suruali! Mtoto wangu, nunua kitenge, hakiandikwi jina.

Fundi wa Birere: Mimi napima. Duara mm 3, ndefu mm 6, kitenganishi mm 2. FURAHA ni nukta 13 na mistari 5: mm 79. NEEMA ni mm 44. Utapungukiwa mm 35. Jaza karibu na fundo kwa rangi tofauti. Ukijaza kwa duara zilezile zitasomeka herufi.

Nukta Tatu: Ngojeni. NAKUPENDA ni nukta 12, mistari 10, vitenganishi 8: mm 112. Kati ya maneno vitenganishi vitatu, mm 6. Ongeza 79, ni 197. Mkono wa msichana gani huo? Hadithi hii imetungwa.

Kijana wa Ndosho: Sijatunga! Nimepima sasa hivi: sentimita 16 na nusu.

Nukta Tatu: Mm 165 ni nukta 25 na mistari 15 mikavu, hakuna kitenganishi hata kimoja. Samahani, basi ni kweli. Ila Furaha alivaa kitu kisichosomeka.

Kijana wa Ndosho: Aliyeitunga alisema nafasi zinaharibu urembo. Na inapendeza kweli.

Fundi wa Birere: N na A zikigusana, −··−, umeandika X. Kata uzi, anza upya. Mwanzoni tia shanga moja nyekundu: ikisomwa kinyume, NAKUPENDA inakuwa NUAEPDKNA. Yote, pamoja na NEEMA, ni mm 162 kabla ya hiyo nyekundu. Mkono wake ni sentimita ngapi?

Kijana wa Ndosho: Sijampima. Bado hajajua kama nampenda.

Fundi wa Birere: Basi tumia lastiki ya mm 0.8. Inavutika.