Naomba ushauri: kupima modeli ya boya la kuvuna umeme wa mawimbi

Habari za jioni wakuu. Niko Kigamboni, natengeneza modeli ya boya linalopanda na kushuka na mawimbi ili kuzalisha umeme, kwa skeli ya 1:25. Kwa kanuni ya Froude (ya kulinganisha modeli ndogo na chombo halisi kwenye mawimbi), wimbi la sekunde 8 kutoka kilele hadi kilele baharini linakuwa la sekunde 1.6 kwenye tangi, na nguvu ya umeme (wati) inagawanywa kwa 78,125. Yaani boya la kilowati 100 kwangu ni wati 1.3 tu! Msuguano kidogo wa beringi unaweza kumeza zote, matokeo yakadanganya. Nafikiria kuacha jenereta, niweke breki ya kurekebishika, nipime nguvu ambayo boya linaivuta breki na mwendo wake, nipate wati kutokana na hapo. Mnaonaje?

Kwenye kompyuta natumia Capytaine, programu ya kukokotoa jinsi mawimbi yanavyosukuma kitu kinachoelea. Ni ya bure na nzuri sana, ila haihesabu ukinzani wa mnato wa maji, hivyo boya linaruka kupita kiasi wimbi likilingana na mdundo wake wa asili. Aliyewahi kulizamisha boya na kuliachia ili apime ukinzani huo kwa jinsi linavyotulia, anielekeze.

Halafu, bwawa la kuogelea linafaa? Wimbi la sekunde 1.6 lina mita 4 kutoka kilele hadi kilele, linataka kina cha mita 2, na kuta zinalirudisha. Kuna mwenye kujua mfereji wa mawimbi (tangi refu lenye mashine ya kutengeneza mawimbi) hapa Dar?