Zawadi ya sikukuu kwa mama msomaji: vitabu vya herufi kubwa, Kindle au vitabu vya sauti?

Binti Kurasa
Wakuu, salaam. Sikukuu zinakaribia, na mwaka huu sitaki kumpa mama nguo tena. Mama ni msomaji tangu nimjue, ila siku hizi akishika kitabu dakika kumi anakiweka chini, anasema herufi zinamkimbia. Miwani anayo. Nimebaki na njia tatu: nimtafutie vitabu vilivyochapwa kwa herufi kubwa, nimnunulie Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, au nimwekee vitabu vya sauti kwenye simu yake. Juzi nimemaliza riwaya ya upelelezi ya kurasa mia nne. Zamani ningemkabidhi siku hiyo hiyo tuanze kubishana muuaji ni nani. Ubishi ule nimeukosa sana. Aliyewahi kupita mojawapo ya njia hizi anisaidie.

Mzee wa Rafu
Binti, kabla ya kununua chochote mpeleke kwa daktari wa macho. Mtu mwenye miwani ambaye bado herufi zinamkimbia huenda ana mtoto wa jicho, na hilo halitibiwi kwa zawadi. Pia angalia anaposomea. Kadiri umri unavyosogea mboni haifunguki sana kama zamani na lenzi ya jicho huingia umanjano, kwa hiyo mwanga uliomtosha akiwa na miaka 20 haumtoshi akiwa na 60. Mimi mwenyewe zawadi ninayoiombea mwaka huu ni taa ya mezani, basi.

Kuhusu herufi kubwa: vitabu hivyo huchapwa kwa pointi 16 au zaidi, wakati vya kawaida ni 10 hadi 12. Tofauti ataiona mara moja. Ubaya wake, vichwa ni vichache, hasa vya Kiswahili, na kitabu kinakuwa kizito mno kukishika kitandani.

Kurasa Elfu
Sisi tulimnunulia baba Kindle. Kioo chake si kama cha simu. Ndani yake kuna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, na umeme unazisogeza mpaka zipange herufi. Zikishajipanga hazihitaji umeme tena, ndiyo maana chaji inakaa wiki kadhaa. Herufi anazikuza anavyotaka.

Sasa sikiliza tulipokosea. Vitabu vingi alivyokuwa navyo baba vilikuwa PDF. Faili la PDF lina ukurasa uliokwisha kupangwa: ukikuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo, unabaki kuuvuta kushoto na kulia. Faili la EPUB ndilo linalojipanga upya. Baba alikata tamaa wiki ya kwanza, na kosa lilikuwa letu, hatukuuliza anachosoma kipo kwa muundo gani. Jambo jingine, kitabu cha kwenye kifaa unapewa ruhusa ya kukisoma, hukimiliki kama cha karatasi. Mwaka 2009 Amazon, kampuni inayouza Kindle, ilifuta vitabu ndani ya Kindle za watu walioshavilipia; iliwarudishia fedha na kuomba radhi, lakini somo likabaki. Na kuazimana si kama kunyoosha mkono tu, wewe na mama hilo litawagusa.

Sikio Kali
Mimi natetea sauti. Anayesoma kitabu cha sauti husoma kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo riwaya ya maneno 90,000 ni saa kumi. Mwezi huu nimemaliza kumbukumbu za baharia mmoja nikiwa napiga pasi. Tovuti ya LibriVox ina vitabu vya sauti vya bure vilivyosomwa na wanaojitolea tangu 2005, ila vingi ni vya Kiingereza. Vya Kiswahili vikikosekana, msomee wewe. Rekodi sura moja kila jioni umtumie, mtabishana kila asubuhi.

Mzee wa Rafu
Hapo nakataa kidogo. Mama amezoea kurudi nyuma ukurasa, kusimama, kusoma sentensi mara mbili. Ukimsomea unampangia mwendo. Aulizwe kwanza kama anataka kusomewa.

Binti Kurasa
Ahsanteni sana. Daktari tunamwona Jumanne. Jana nilifuata hoja ya Kurasa Elfu kabla ya kutoa hata senti: riwaya ile ninayo pia kwa EPUB, nikaifungua kwenye tableti yangu, nikakuza herufi hadi ukurasa ukabaki na mistari kumi na miwili, nikamwachia bila kusema ni jaribio. Nilipomuuliza kuhusu kusomewa alisema, “Nikiwa mgonjwa.” Amefika sura ya tano na tayari anamshuku mtunza bustani. Kurasa Elfu, hicho kifaa cha baba yako kina kioo cha inchi ngapi?

Kurasa Elfu
Sita. Kwa herufi za ukubwa huo mchukulie kikubwa zaidi, la sivyo atakuwa anafungua ukurasa kila baada ya sentensi mbili.