Kadi ya grafiki ya bei nafuu kwa studio ndogo: GTX 1650, RX 6400 au RX 580?

DadaStudio_Kihesa: Wakuu, heshima kwenu. Nahariri video za harusi na kwaya hapa Iringa, na chumba ninachohariria ndicho ninachorekodia sauti. Kompyuta yangu ni ile ya maofisini iliyotumika, Dell OptiPlex ya mnara, prosesa ya i5 ya kizazi cha 6, memori GB 16, pawasaplai ya wati 240 isiyo na waya wa kulisha kadi. Nimepata GTX 1650 mbili za mkononi, moja ya feni moja na nyingine ya feni mbili, RX 6400 mpya, na RX 580 ya GB 8 ambayo muuzaji wa Kariakoo anasema ataituma kwa basi. Kasi naitaka, ila kelele ndiyo inayonikosesha usingizi. Soprano akishusha sauti kidogo tu, feni inaingia kwenye maiki.

Fundi_Uyole: Dada, RX 580 iache huko huko. Kadi hiyo imeandikiwa wati 185, na pawasaplai yako ina 240 za mashine nzima. Hata ungebadilisha pawasaplai, joto la wati 185 ndani ya kasha lile la ofisini litalazimisha feni zote zikimbie. Nyingi zilizoko sokoni zimechimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, feni zimelegea na pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na chuma imekauka. Na zipo zinazoitwa 2048SP, zina viini 2048 badala ya 2304 vya RX 580 kamili, lakini zinauzwa kwa jina lilelile.

Baridi_ya_Njombe: Mimi nasimama na RX 6400. Wati 53 tu, inalishwa na sloti inayochomekwa, bila waya wa ziada. Joto dogo, feni inazunguka polepole, kelele hakuna. Kwa mtu wa sauti unataka nini tena?

Fundi_Uyole: Mkuu, kwa ukimya uko sahihi, kwa kazi yake hapana. RX 6400 haina saketi ya kukandamiza video, iwe H.264 au H.265. Akimaliza kuhariri harusi ya saa tatu, kazi ya kutoa faili inarudi kwa i5. Pili, inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani muunganisho wa kadi na mashine. Kwenye mashine mpya yenye PCIe 4.0 hilo halisumbui sana, lakini kizazi cha 6 ni PCIe 3.0, kwa hiyo anabaki na kama GB 4 kwa sekunde, wakati 1650 inapata karibu 16.

Mwana_Iyunga: Tuwe wa haki jamani. Hiyo i5 ina Quick Sync ndani yake, saketi ya Intel ya kukandamiza video; ikiachwa hai kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) inaweza kutoa H.264 vizuri. RX 6400 haijafa kabisa. Ila hata mimi ningechukua 1650, kwa sababu programu nyingi za kuhariri zinaielewa vizuri CUDA, mfumo wa hesabu wa kadi za Nvidia kama hiyo 1650.

DadaStudio_Kihesa: Basi nibaki na 1650. Sasa feni moja au mbili? Muuzaji anasema ni kitu kilekile.

Fundi_Uyole: Chipu ni ileile, viini 896, GB 4, wati 75. Kinachotofautiana ni chuma na feni, na kelele zinatoka hapo. Ishike kadi kwa ubavu, ichungulie chini ya feni kwa tochi ya simu. Nyingi za feni moja zina bonge la alumini lenye mapezi mafupi, basi. Nzuri kidogo zina kipande cha shaba kinachogusa chipu, na nzuri zaidi zina bomba la shaba linalopeleka joto hadi mwisho wa mapezi. Chuma kikiwa kikubwa, feni haihitaji kukimbia. Feni ileile ukiishusha hadi nusu ya kasi yake, kelele hupungua kwa takriban desibeli 15, na kwa maiki yako hiyo ni tofauti kubwa sana.

Halafu hesabu nyaya za feni. Nne ni nzuri, kasi inadhibitiwa sawasawa. Mbili tu, mara nyingi inazunguka kwa kasi moja hata ukiwa unaandika barua. Mwisho, shika kitovu cha feni kwa kidole, kitikise juu na chini taratibu. Kikicheza, bushi imekwisha, na huo mkwaruzo hautaondoka kwa kupiga brashi.

Tena angalia pembeni: baadhi ya 1650, hasa zilizoongezwa kasi kiwandani, zina soketi ya pini 6. Wewe huna waya huo, usichukue.

Baridi_ya_Njombe: Nimeelewa hoja ya njia 4, asante. Niongeze la huku kwetu: Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15. Feni ikizunguka mara zilezile inabeba hewa pungufu. Juni na Julai baridi inatufidia, ila Oktoba chumba kikiwa na joto na vumbi la kiangazi limeziba mapezi, mtasikia. Vumbi lipulizwe kabla halijagandamana, na feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza.

Mwana_Iyunga: Kabla ya kutoa hela, fungua GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ya aina gani. Kuna chipu za zamani zimebadilishwa BIOS zikapewa majina mapya, na programu hiyo hugundua nyingi na kuandika kwamba ni feki. Kisha washa FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika kumi, uangalie nyuzi za joto na usikilize. Ikitulia kwenye sabini na kitu bila kupiga mluzi, chukua. Ikipita 80 huku feni ikiwa imefika mwisho, kuna tatizo la pesti au chuma.

DadaStudio_Kihesa: Ya feni mbili haina soketi ya pini 6, nyaya nne, na bomba la shaba naliona kwenye picha. Kesho naenda nayo Miomboni kuijaribu kwenye mashine ya jamaa. Nikiifunga, kuna la kuangalia?

Fundi_Uyole: Acha sloti iliyo chini ya kadi wazi, feni zinavuta hewa kutoka huko. Na kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 85 siku za kurekodi. Kasi inayopotea ni ndogo, kelele zinazopungua utazisikia mwenyewe.