Bunduki ya kwanza ya kulungu: .243, 6.5 Creedmoor au .308? Na mtutu wa inchi ngapi?

Nyayo Mbichi

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza mafunzo ya uwindaji, kibali kiko njiani, sasa nimekwama kwenye bunduki. Nataka moja tu, ya bolti (ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi), ya kulungu, na nikae nayo miaka mingi bila kuanza kutamani nyingine.

Ninakowinda ni msitu mnene wenye vijia vyembamba. Ndani humo kuona mita 80 mbele ni bahati. Mara chache natokea ukingoni mwa uwanja wa wazi, na hapo mnyama anaweza kusimama hata mita 200, ila nimejiwekea mpaka wa 150 hadi mkono utulie. Dume likubwa la huku halizidi kilo 90. Mimi ni mwembamba, na siku ya mafunzo nilipopewa .30-06, kufikia risasi ya nne nilikuwa nafumba jicho kabla sijavuta kifyatuo.

Nimebaki na kaliba tatu, yaani aina tatu za risasi: .243, 6.5 Creedmoor na .308. Muuzaji anasema mtutu chini ya inchi 24 ni hasara. Rafiki yangu anasema inchi 18 na sailensa, basi. Nani nimsikilize?

Mzito wa Bega

Mkuu, chukua .300 Winchester Magnum, mtutu inchi 26, mjadala ufungwe. Leo kulungu, kesho utaitwa kwenye mnyama mkubwa zaidi na hutakuwa na haja ya kununua tena. Nguvu ikizidi haina ubaya. Bega litazoea.

Babu Baruti

Mzito, bega lako limezoea, la mwenzio limeshasema halitaki. Mtu amefumbishwa macho na .30-06 halafu unampandisha ngazi? Kwenye bunduki ya kilo tatu na nusu hivi, teke (msukumo wa bunduki begani) la .243 ni takriban jouli 13, la 6.5 Creedmoor 17, la .308 kama 22, na hiyo yako inapita 35. Mtu akishaanza kuogopa bunduki yake hapigi vibaya siku moja, anapiga vibaya kila siku, na anayelipia ni mnyama aliyejeruhiwa tumboni.

Haya, Nyayo. Wengi huanzia mdomoni mwa mtutu: inatoka na kasi gani, ina jouli ngapi. Mimi naanzia kule alikosimama mnyama, narudi nyuma hadi kwenye bunduki.

Risasi ya kuwindia imeundwa ichanue ikigonga nyama, ipanuke, ipasue mapafu kwa upana. Ili ichanue inadai kasi. Zile zenye kiini cha madini laini ya risasi ndani ya gamba la shaba huchanua vizuri kuanzia kama mita 550 kwa sekunde. Za shaba tupu ni ngumu, kwa nyingi mimi huhesabu 600 na kuendelea. Kasi ikishuka chini ya hapo, risasi inapita na kuacha tundu jembamba, mnyama anakwenda mbali, na wewe unabaki unafuata matone ya damu kwa tochi. Kwa hiyo swali lako lisiwe "mtutu gani una nguvu". Liwe hivi: kwenye umbali nitakaopiga mimi, risasi yangu bado ina kasi ya kuchanua?

Tupige hesabu. .308 ya greni 150 (uzito wa risasi, kama gramu 10) kutoka kiwandani, ikipimwa kwenye mtutu wa inchi 24, inatoka kwa takriban mita 860 kwa sekunde. Kila inchi unayokata inaondoka na mita 6 hadi 9 kwa sekunde hivi. Ukishuka mpaka inchi 18 umepoteza kama 45, umebaki na 815. Sasa, risasi hiyo hiyo ikiwa hewani inapoteza kasi ya kiasi hicho ndani ya mita hamsini na kitu tu. Yaani zile inchi sita za chuma, unazozibeba begani kutwa na kuzikwaruza kwenye kila tawi, zinakununulia mita hamsini na kitu. Hakuna kingine. Na hata kwa inchi 18 na risasi ya shaba, kasi ya kuchanua inakaa hadi karibu mita 300. Wewe umesema 150. Muuzaji anakuuzia mita ambazo hutazitumia.

Lakini usiichukue hesabu ya .308 ukaibandika kwenye .243. Ganda la .308 lilitoka 1952. Mwaka 1955 likabanwa shingo ikapatikana .243. Chumba cha baruti karibu ni kile kile, ila tundu la mtutu limekuwa dogo. Baruti nyingi kwenye njia nyembamba inataka urefu ili imalize kazi yake. .243 ya inchi 18 inateketeza baruti nje ya mtutu, inatoa mwako na kishindo, halafu inakunyima kasi, na kasi ndiyo sababu ya mtu kuinunua. Ukiipenda hiyo, anzia inchi 22. Na jiandae kuchagua risasi zako kwa uangalifu, kwa sababu ni nyepesi na hazisamehe ukigonga mfupa wa bega.

6.5 Creedmoor ilitoka 2007, na waliofikiriwa kwanza ni wapiga shabaha. Kichwa chake kirefu chembamba kinapenya upepo vizuri, na faida hiyo utaiona ukishapita mita 300. Kwenye 150 kulungu hatajua tofauti. Wewe utaijua begani, na hiyo kwako ni sababu tosha. Inchi 20 inaitosha kabisa.

Kuna moja hukuitaja, 7mm-08 ya 1980, nayo ni ganda lile lile la .308 lililobanwa. Naitaja kwa sababu naipenda, sina udhuru mwingine. Teke liko chini kidogo ya .308, na kwa kulungu wa kilo 90 haina deni.

Lile la kusema mtutu mrefu una shabaha kuliko mfupi ni mabaki ya enzi za kulenga kwa macho matupu. Kilengeo cha mbele kikiwa mbali na jicho, kosa la kulenga linapungua, na hilo ni kweli. Ukiweka darubini, habari hiyo imekwisha. Mitutu miwili ya unene mmoja, ule mfupi ndio mkakamavu zaidi.

Ningekuwa wewe: 6.5 Creedmoor au 7mm-08, inchi 20, na hela inayobaki iende kwenye risasi za mazoezi. .308 ichukue ikiwa tu huko uliko ndiyo pekee isiyokosekana dukani. Hilo nalo si jambo dogo, bunduki bila risasi ni rungu.

Mzito wa Bega

Babu umenimaliza. Ila bado nasema .308 kuliko hizo nyembamba. Ina tundu kubwa, damu inaonekana.

Babu Baruti

Hapo sikupingi sana, Mzito. Tundu kubwa linasaidia kufuatilia. Lakini tofauti ya 6.5 na .308 kwa upana ni kama milimita moja na kidogo, na ikishachanua inategemea zaidi risasi uliyonunua kuliko namba iliyochorwa kwenye mtutu.

Karatasi Kwanza

Kabla hajalipa senti, asome sheria ya anakowinda. Si kila mahali .243 inaruhusiwa. Ujerumani, kwa mfano, wanyama wa jamii ya kulungu walio wakubwa wanadai kaliba isiyopungua milimita 6.5 na nishati ya jouli 2,000 kwenye umbali wa mita 100. Kwa yule paa wao mdogo inatosha jouli 1,000. .243 ni milimita 6.2, kwa hiyo kwa wale wakubwa iko nje hata ukiijaza vipi. England na Wales mpaka wa jumla kwa kulungu ni .240, hivyo .243 inapita kwa kipenyo, ila pia wanadai nishati mdomoni isiyopungua pauni-futi 1,700. Na kuna maeneo, kama jimbo la California tangu Julai 2019, risasi zenye madini ya risasi hazitumiki kabisa kuwindia. Ukilazimika kutumia shaba, ile hesabu ya Babu ya mita 600 kwa sekunde inakuhusu moja kwa moja.

Sikio Moja

Naongezea upande wa rafiki yako, maana wamemsahau. Sailensa ya kawaida inaongeza sentimita 15 mpaka 20 mbele. Ukiifunga kwenye inchi 24 unapata kitu ambacho hakigeuki ndani ya kibanda cha kuvizia, na uzito wote umekimbilia mbele. Kwa hiyo kama sheria yako inaruhusu sailensa na una nia nayo, inchi 18 au 20 si ushamba, ndivyo inavyotakiwa. Kama hutaiweka, usiende chini ya 20. .308 bila sailensa inavuka desibeli 160, na kadiri mtutu unavyofupika ndivyo mlipuko unavyosogea karibu na uso wako.

Pia usidanganyike na filamu. Sailensa inapunguza desibeli 20 hadi 30, haifanyi kimya. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti inapasua hewa njiani na ule mpasuko haufungiki kwa chochote. Vaa kinga ya masikio hata hivyo. Jina langu humu sikulichagua kwa utani.

Mama Shabaha

Kitu kimoja hakijaguswa. Nyayo umesema wewe ni mwembamba. Hiyo .30-06 uliyopiga ilikuwa ya mtu mwingine, na pengine kitako chake kilikuwa kirefu kwako. Kitako kikizidi, unanyoosha shingo kufuata darubini, bunduki inakaa kwenye mfupa badala ya nyama ya bega, na teke la kawaida linageuka kipigo. Kunja kiwiko cha mkono wa kufyatua kwa nyuzi 90, weka nyuma ya kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, uone kidole cha shahada kinafika wapi. Kikifika kwenye kifyatuo kwa pingili ya kwanza bila kujivuta, uko karibu na kipimo chako. Hata 6.5 itakuumiza ikiwa imetengenezewa mtu wa futi sita na nusu.

Nyayo Mbichi

Babu shikamoo, na wengine asanteni. Nimefanya kile kipimo cha Mama Shabaha dukani, .308 niliyokuwa naitamani ilikuwa inanizidi waziwazi. Nimeona 6.5 Creedmoor iliyotumika, kitako kinanikaa. Muuzaji anasema ni inchi 20, ila nikipima kwa utepe kuanzia pale chuma kinapotokeza napata chini ya hapo. Ananidanganya? Na kuna kitu kingine nikague?

Babu Baruti

Marahaba. Hakudanganyi, unapima pasipo. Urefu wa mtutu unahesabiwa na chumba cha risasi ndani yake, kuanzia uso wa bolti ikiwa imefungwa hadi mdomoni. Toa magazini, fungua bolti, angalia chumba kwa macho, ingiza na kidole. Ukishahakikisha ni tupu funga bolti, teremsha ufito wa mbao ulionyooka kutoka mdomoni taratibu mpaka ugote, weka alama usawa wa mdomo, toa, pima. Kama mbele kuna kifaa kinachofunguliwa kwa skrubu, kifungue kwanza, hicho hakihesabiwi.

Mengine ya kukagua: mzunguko wa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi. Kwa 6.5 Creedmoor utakuta umeandikwa 1:8, yaani risasi inazunguka mara moja kila inchi 8. Huo unazituliza risasi ndefu, pamoja na za shaba ambazo kwa uzito ule ule huwa ndefu zaidi. Mulika mdomo wa mtutu kwa tochi utafute mkwaruzo au pengo kwenye ukingo wa mwisho wa mifereji, maana hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki na jeraha dogo linaipeleka pembeni. Na kama unawaza sailensa baadaye, uliza mdomo umechongwa skrubu ya kipimo gani, kabla hujalipa.

Nyayo Mbichi

Ufito umesoma inchi 20 kasoro kidogo sana. Mifereji 1:8, ukingo safi, skrubu ipo. Kesho naenda na kibali.