Misuli ya panya: nyuzi nyingi nyembamba au chache nene, jeni inaamua nini hasa?

MwanaSlaidi:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Nafanya kazi na panya wa maabara wa koo mbili, mmoja ni C57BL/6, wa pili siutaji kwa sasa maana kazi haijatoka. Nachukua soleusi, ule msuli mdogo wa ndani kwenye shavu la mguu. Uzito wake unakaribiana kwa koo zote mbili, ila ukiweka slaidi kwenye hadubini ni vitu viwili tofauti kabisa, ukoo mmoja nyuzi nyingi nyembamba, wa pili chache halafu nene, na uwiano wa nyuzi za aina ya 1 (zile za polepole) nao hauko sawa. Umri mmoja, chakula kimoja, wote madume. Msimamizi wangu akiulizwa anasema "ni jeni hiyo" basi kaondoka zake. Jeni gani sasa? Ni moja inapanga yote au kila kitu na yake?

Fundi_wa_Nyuzi:
Mkuu kwanza usivichanganye, kuna idadi ya nyuzi, kuna unene wa kila uzi, na kuna aina yake. Idadi kwa panya inakamilika karibu yote tumboni na siku chache baada ya kuzaliwa, unene unaendelea kubadilika maisha yote, aina inategemea ni jeni ipi ya maiosini (protini inayofanya msuli ujikaze) imewashwa: Myh7 kwa aina ya 1, na kwa zile za kasi Myh2 kwa 2A, Myh1 kwa 2X, Myh4 kwa 2B.

Angalia myostatini, jeni inayozuia misuli isikue kupita kiasi. 1997 McPherron, Lawler na Lee walitoa panya wasio na hiyo jeni, misuli ikawa na uzito mara 2 hadi 3 ya kawaida, na ndani yake nyuzi zilikuwa nyingi zaidi NA nene zaidi. Lakini ukiizuia myostatini kwa panya ambaye tayari ni mzima unapata unene tu, idadi haisogei. Jeni ileile, matokeo tofauti kwa sababu ya muda. Kwa hiyo idadi ikitofautiana kati ya koo zako, cha kutafuta kilifanya kazi zamani, kabla hata hujawapa hicho chakula.

kimbia_tu:
Nyongeza hapo kwa Fundi. Kuna panya wa Theodore Garland kule California waliochaguliwa vizazi na vizazi kwa kupenda kukimbia kwenye gurudumu, kazi ilianza 1993 akiwa bado Wisconsin. Katikati ya safari wakatokea wengine wana misuli ya miguu ya nyuma karibu nusu ya kawaida na bado wanakimbia vizuri tu! Walipofuatilia, ni badiliko la herufi moja ya DNA ndani ya introni (kipande cha jeni kisichoandika protini) ya Myh4, na nyuzi za 2B ndizo zilizopukutika. Yaani jeni ya "aina" ndiyo iliyopunguza uzito, sasa hapo utaiweka kapu gani 😅

Halafu ACTN3 nayo, jeni ya protini ya nyuzi za kasi, panya walioondolewa hiyo jeni (2007) maiosini zao za kasi zilibaki palepale ila ndani ya uzi nishati ikahamia upande wa kutumia oksijeni, wakakimbia mbali zaidi kwa karibu thuluthi moja. Ukipaka slaidi kingamwili za maiosini (za kuonyesha aina ya uzi) peke yake hilo hulioni.

Bi_Hadubini:
Mdogo wangu kabla ya jeni niambie umekata wapi. Soleusi ukiikata karibu na kano badala ya katikati ya tumbo la msuli unakosa nyuzi kibao, halafu kisu kikienda mshazari kidogo kila uzi unaonekana mnene. Usitegemee eneo tu, pima kipenyo kidogo kabisa cha kila uzi, hicho hakidanganywi sana na mshazari. Na kama uligandisha polepole kutakuwa na vitobo vya barafu, hizo slaidi weka pembeni.

Pia neva isisahaulike, tangu 1960 watafiti Buller na akina Eccles walibadilisha neva za misuli ya haraka na ya polepole kwa paka na misuli ikabadilika kasi. Kwa hiyo tofauti ya aina ya 1 inaweza kuwa imeanzia kwenye neva wala sio kwenye uzi wenyewe.

MwanaSlaidi:
Asanteni sana. Nimekata katikati na isopentane (kimiminika cha kugandishia) ilikuwa baridi ya kutosha, vitobo hakuna. Sasa nawezaje kujua idadi na unene ni jeni tofauti?

Fundi_wa_Nyuzi:
Kila ukoo umezalishwa ndugu kwa ndugu vizazi 20 na zaidi, kijeni wanakaribia kufanana kabisa, kwa hiyo tofauti ndani ya ukoo mmoja ni mazingira na mikono yako, tofauti kati ya koo ndiyo ya jeni. Linganisha hizo mbili kwanza. Halafu pandisha koo zako, upate machotara, wapandishe wao kwa wao. Kwa wajukuu jeni zinachanganyika upya, ukikuta mwenye nyuzi nyingi halafu nene basi mambo mawili hayo yameachana. Yakigoma kuachana, ama ni jeni moja, ama mbili zimekaa jirani, ama nyuzi zikiwa nyingi zinabanana tu.

Kuzalisha kunachukua muda ila. EDL (msuli wa mbele ya mguu unaonyanyua vidole) za panya haohao unazo kwenye friza? Aina ya 1 humo karibu hakuna, tofauti ya idadi ikijirudia na humo jua inahusu jinsi misuli inavyoundwa kwa jumla, ikibaki soleusi peke yake ni jambo la pale pale.

MwanaSlaidi:
EDL zipo, za kushoto zote. Nazikata.