Hivi Marekani ilifikaje mahali roketi zake zinategemea mtu mmoja ameamkaje?

Kipanga wa Kijichi (mleta mada)

Wakuu habari za usiku. Kuna kitu kinanisumbua tangu ule ugomvi wa Trump na Elon Musk, mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, naona wengi waliuchukulia kama umbea wa matajiri tu. Kwa waliosahau, tarehe 5 Juni 2025 Trump aliandika kwamba njia rahisi ya kuokoa hela za bajeti ni kufuta mikataba ya serikali na kampuni za Musk, haikupita muda Musk akajibu kwamba kama ni hivyo SpaceX inaanza kukistaafisha chombo chake cha Dragon mara moja. Sasa Dragon ndo chombo pekee cha Kimarekani kinachopeleka wanaanga kule kwenye kituo cha anga cha kimataifa, na siku hiyo hiyo anayoandika kulikuwa na watu huko juu wanakitegemea kuwarudisha nyumbani. Masaa machache baadaye mtu asiyejulikana, mwenye wafuasi wa kuhesabika, akamwambia poeni kidogo nyote wawili, Musk akajibu ushauri mzuri, basi hatukistaafishi. Ikaisha hivyo!! NASA, shirika la anga la Marekani, lenye bajeti ya karibu dola bilioni 25 kwa mwaka linaokolewa na mchangiaji wa mtandaoni kama mimi na wewe. Kuachia kampuni binafsi usafiri wa anga ilikuwa akili kweli au walijifunga kitanzi wenyewe?

Mzee wa Tozo

Mkuu umeanzia katikati ya hadithi. Shuttle, chombo cha zamani cha NASA cha kubeba wanaanga, kilistaafu Julai 2011 na hawakuwa na mbadala, kwa hiyo karibu miaka 9 Mmarekani alikuwa anakata tiketi kwa Mrusi, kwenye chombo chake cha Soyuz, na bei ikawa inapanda tu kwa sababu muuzaji alijua huna pa kwenda. 2014 walipowawekea Warusi vikwazo kisa kuinyakua Crimea ya Ukraine, Rogozin, naibu waziri mkuu wa Urusi wakati huo, akawakejeli kwamba basi wapeleke wanaanga wao kwa trampolini. Mwaka huo huo NASA ikatoa mikataba miwili ya kupeleka wanaanga, Boeing dola bilioni 4.2 na SpaceX bilioni 2.6. Angalia hizo namba vizuri, aliyepewa kidogo ndo aliyefika, 2020 Dragon ikabeba watu. Boeing ikaja kubeba watu Juni 2024 kwa chombo chake cha Starliner, wale wanaanga akina Butch na Suni waliondoka kwa safari ya siku 8 wakarudi Machi 2025, tena wamepanda Dragon ya jirani.

Kwa hiyo hawakukusudia kumtegemea mtu mmoja. Walitaka wawili, mmoja akafeli. Na uzuri wa mkataba ule ulikuwa wa bei moja isiyobadilika, hasara ya Starliner karibu bilioni 2 imeibeba Boeing mwenyewe.

binti_Chumbageni

Mzee nakuheshimu ila umeruka penye moto. Huyo mzabuni Musk alitoa zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi wa 2024 kumsaidia Trump, halafu akapewa kiti cha kusimamia kubana matumizi ya serikali ile ile inayomlipa. Huku kwetu tungesema nini? Tungeita jina lake tu bila kupepesa macho. Afu angalia Isaacman, tajiri aliyelipia safari mbili za anga kwa SpaceX, anateuliwa kuongoza NASA, mwisho wa Mei 2025 jina linaondolewa siku chache kabla Seneti haijapiga kura, sababu aliyoitoa Trump eti alikuwa anawachangia Democrats, chama pinzani. Novemba anateuliwa tena, Desemba anapitishwa. Mimi sisemi hana uwezo, jamaa ni rubani kweli kweli na katembea nje ya chombo angani, nasema tu uteuzi wake ulipanda na kushuka kama bei ya nyanya kulingana na nani kanuniana na nani.

Fundi Antena

Dada upo sahihi ila mnaomchukia Musk huwa mnadhani serikali ikifanya yenyewe ndo usafi. Haya chukua SLS, ile roketi ya kurudi mwezini. Bunge lao liliiagiza kwa sheria ya 2010, maseneta wakahakikisha kazi inabaki kwa wakandarasi wale wale wa shuttle, Alabama, Louisiana huko. Mkataba wake ni wa kumwambia fundi jenga, kila risiti utakayoleta nalipa na faida yako naongeza juu. Fundi gani atamaliza?? Mkaguzi wa NASA alisema 2022 kwamba safari moja ya mwezini kwa roketi hiyo na chombo chake cha Orion inakula dola bilioni 4.1. Safari MOJA. Na zile injini nne za chini ni za shuttle za zamani, enzi zile zilikuwa zinarudi zinatumika tena, siku hizi zinaenda mara moja zinatupwa baharini.

Trump mwenyewe alipendekeza iachwe baada ya safari chache, seneta Ted Cruz na wenzake wakachomeka hela kwenye sheria kubwa ya Julai 2025, SLS ikapata tena bilioni 4.1. Huo nao ni ulaji, tofauti yake una wabunge wengi badala ya tajiri mmoja.

Wa Pwani Kaskazini

Mimi ni Mkenya, niseme kitu kidogo tu. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilipanda na Falcon 9, roketi ya SpaceX, Aprili 2023, hatukuulizwa siasa, tulilipia nafasi tukabebwa pamoja na mizigo ya wengine. Inauma kidogo ukikumbuka hapa Malindi Waitaliano walirusha setilaiti kutoka baharini, ile ya Uhuru, Desemba 1970. Lakini kwa mteja mdogo bei ndo inaongea.

Kipanga wa Kijichi (mleta mada)

Nimewasoma wote, Mzee wa Tozo umenisogeza kidogo. Ila hamjajibu. Kijiji kina daladala moja, nzuri, nauli nafuu, haiharibiki, sasa siku dereva kagombana na mwenyekiti wa kijiji nani anapeleka mgonjwa hospitali? Na mwenyekiti naye mkono mfupi, gazeti la Wall Street Journal waliripoti Julai 2025 kwamba serikali ilipitia mikataba ya SpaceX ikaona mingi haifutiki, wanajeshi na NASA wanaihitaji.

Fundi Antena

Viti vya Soyuz bado vipo mkuu, wanabadilishana na Mrusi.

binti_Chumbageni

Yaani plani B ni Mrusi. Sawa 😂

Mzee wa Tozo

Daladala ya pili ipo gereji. Novemba 2025 NASA walitangaza Starliner ikirudi itabeba mizigo kwanza, na safari za mkataba wakazipunguza. Magunia yatapanda, abiria wasubiri.